Soma mstari wa kioo kabla hujalipia bima

Ilikuwa Jumamosi jioni, jua likitupiga usoni, nikitoka Gilgil na mama yangu akiwa kiti cha mbele. Tulikuwa tumeshapita Mbaruk, Lanet imebaki mwendo wa dakika chache, na mbele yetu palikuwa na lori la kokoto ambalo turubai lake lilifungwa upande mmoja tu. Jiwe lenyewe sikuliona. Nilisikia mlio mmoja, mkavu na wa karibu mno, na mama akainamisha kichwa.

"Ni risasi?" akauliza.

Mama ameishi Lanet miaka mingi, jirani na kambi ya jeshi, na kwake mlio wa ghafla una maana moja. Nikamwambia ni jiwe tu. Alinyoosha mkono akagusa kioo kwa ndani, mahali palipokuwa na nyota ndogo isiyozidi upana wa sarafu ya shilingi moja, akasema, "Hii itatembea." Ndivyo asemavyo hata akiona ufa kwenye ukuta au chungu, nami sikumtilia maanani.

Ilitembea. Jumatano asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Nakuru inayokufanya uone pumzi zako mwenyewe. Nikawasha gari, nikafungulia hewa moto ielekee kwenye kioo ili umande uondoke upesi. Kabla sijatoka langoni, ufa ulianzia kwenye ile nyota, ukapanda, ukapinda, ukafika ukingo wa juu upande wa dereva. Haukutoa sauti yoyote. Nilikaa nikautazama kama mtu anayeyaona maziwa yakifurika jikoni naye yuko mlangoni.

Nasimulia haya kwa sababu wiki mbili zilizofuata zilinifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue kabla halijamfika. Nilikuwa na bima kubwa, ile watu wanayoiita komprihensivu, na nilikuwa nimeilipia miaka yote bila kuchelewa. Hata hivyo nilitoa shilingi 16,000 mfukoni mwangu, pesa ambazo zingebaki kwangu kama ningeongeza shilingi 1,600 na kidogo siku niliyokata bima. Hakuna aliyenidanganya. Wala hakuna aliyenieleza.

Anayeendesha gari kati ya Naivasha na Nakuru huishi na mawe. Hii ndiyo barabara inayobeba mizigo ya bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, na malori yake hayalali. Hapo Lanet huingia barabara ya Dundori, inayoleta viazi, kabeji na maziwa kutoka Ol Kalou, na pamoja nayo matope na changarawe zilizoganda kwenye magurudumu. Tena Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit. Ni kazi tuliyoisubiri kwa hamu baada ya kuzika watu wengi kwenye barabara hii, lakini barabara haijengwi bila kokoto, na kokoto haziji kwa ndege.

Kinachosahaulika ni kwamba jiwe linalochomoka kwenye gurudumu la lori mara nyingi halina mwendo mkubwa lenyewe. Mwendo ni wako. Ukilikuta ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, wewe ndiwe unayelipiga. Kuliachia lori la mbele nafasi ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote, nami jioni ile sikuitumia kwa kuwa nilitaka kumfikisha mama nyumbani kabla ya giza.

Kioo cha mbele si kioo kimoja. Ni vipande viwili vyembamba vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana jiwe hupasua kipande cha nje, na ukipapasa kwa ndani, kama alivyofanya mama, unakuta pako laini kabisa. Vioo vya milangoni ni vya namna nyingine: huchomwa na kupozwa ghafla ili vikivunjika vimwagike punje punje. Zamani hata vya mbele vilikuwa hivyo kwenye magari mengi, na wazee walioendesha malori kwenye barabara za murramu wanakumbuka kioo kizima kikigeuka cheupe kwa jiwe moja, dereva akilazimika kukitoboa kwa ngumi ili aione njia. Wengine walifunga wavu wa waya mbele ya gari.

Kioo cha tabaka kilipatikana kwa ajali ya maabara. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya kioo. Ikapasuka, lakini vipande vikabaki vimeshikana, kwa kuwa ndani yake palikuwa pamekauka utando wa nitrati ya selulosi. Mwaka 1909 alisajili ugunduzi huo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kioo chake kiliwekwa kwenye barakoa za kuzuia gesi ya sumu, kisha magari yakafuata. Leo, gari likibiringika, kioo hiki husaidia kushikilia paa lisiwabonyee waliomo. Kwenye magari mengi puto la hewa la upande wa abiria hufumuka likakiegemea kabla ya kumkinga mtu. Kikiwa na ufa, au kikiwa kimebandikwa ovyo, puto hilo huweza kukisukuma kikatoka. Kiti alichokuwa amekalia mama ndicho kiti hicho.

Sisi watu wa Bonde la Ufa tuna ujamaa wa kale na kioo. Pale Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita, binadamu wa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita walichonga mashoka ya mkono kwa obsidiani, kioo cheusi kilichotapikwa na volkano. Na Hyrax Hill, kando ya barabara hii hii ukitoka Lanet kwenda mjini, ambako Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937, vipande vya obsidiani vimeokotwa tele. Waliokichonga walikuwa wakitafuta kile hasa tunachokikimbia sisi, yaani makali yake. Nilipita Hyrax Hill mara nyingi wiki ile nikiwa ndani ya matatu, kwa sababu gari nililiegesha nyumbani.

Turudi kwenye simu niliyoipiga Jumatano ile. Wakala wangu wa bima ni dada wa Nakuru mjini ambaye tumejuana siku nyingi. Hakuanza kwa kuuliza jiwe lilitoka wapi. Aliuliza, "Umeshabadilisha kioo?"

Nikamwambia bado.

"Afadhali. Usikiguse. Nitumie picha kwanza. Moja ionyeshe ufa kwa karibu, nyingine ionyeshe gari lote na nambari yake." Kisha akauliza swali lililonikata maini: "Na kikomo chako cha kioo ni ngapi?"

Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kujua kama kuna kikomo.

Kipo, na ni muhimu kukielewa. Bima kubwa ya gari la kibinafsi hapa Kenya huwa na mstari mmoja wa kioo cha mbele na mwingine wa redio. Kampuni nyingi hukupa kiasi fulani ndani ya bima bila nyongeza yoyote, aghalabu shilingi 30,000 kwa kila kimoja. Nyingine hufika 50,000. Kioo chako kikigharimu zaidi ya hapo, tofauti ni yako. Lakini ukitangulia kusema, siku ile ile unayokata bima, kwamba kioo cha gari lako ni ghali, kampuni hukuongezea kikomo na kukutoza kwa kawaida asilimia 10 ya ile ziada.

Kikomo changu kilikuwa 30,000. Makadirio niliyoletewa na karakana ya vioo, kazi yote ikiwemo, yalikuwa 46,000. Pengo ni 16,000. Asilimia 10 ya 16,000 ni 1,600. Ongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 na mchango wa hazina ya fidia kwa wenye bima wa asilimia 0.25 zinazokatwa kwenye ada ya bima ya gari, ambazo kwa pamoja ni shilingi 7 na senti 20. Hiyo ndiyo hesabu nzima. Niliifanya nyuma ya bahasha nikiwa nimekaa sebuleni, nikairudia mara ya pili kwa kudhani nimekosea.

Kilichoniuma zaidi ni kilichokuwa ndani ya bahasha hiyo hiyo. Unapokata bima kubwa, kampuni hukupeleka kwa mthamini wa magari, na ripoti yake haisemi tu thamani ya gari. Ina mstari wa redio, na ina mstari wa kioo cha mbele. Mthamini wangu alikuwa ameandika kioo shilingi 45,000. Mkataba wa bima, uliotolewa siku chache baadaye, uliandika 30,000. Karatasi mbili za gari moja, zinapingana, na mimi niliziweka pamoja nikazifungia kwenye droo. Kama unayo ripoti ya mthamini nyumbani, hebu iweke kando ya mkataba wako uitazame mistari hiyo miwili. Ni kazi ya dakika tano.

Nitaje na upande wenye heri. Ukigonga mtu ukaharibu gari lako, bima kubwa hukutaka ubebe sehemu ya hasara mwenyewe kabla haijalipa chochote, ile inayoitwa ekses, ambayo mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kwa gari la shilingi milioni 1.2 hiyo ni 30,000. Lakini kioo kilichopasuka peke yake, bila ajali nyingine, kwa kawaida hakikatwi ekses. Ndani ya kikomo, unalipwa shilingi kwa shilingi. Kwa hiyo kati ya yote yaliyomo katika bima kubwa, hiki ni mojawapo ya vipengele ambavyo mwenye gari wa Lanet ana nafasi kubwa ya kuvitumia, na ndicho anachokijua kidogo. Sharti ni kwamba mikataba mingi huhesabu kikomo hicho mara moja: ukishalipwa, kimekwisha, hadi ulipie kurudishwa. Kokoto ya mwezi ujao itakukuta mikono mitupu usipouliza.

Wenye bima ya thadi pati hawana mstari wa kuusoma. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaouawa au kujeruhiwa na gari lake. Haimlazimu kulikatia bima gari lake mwenyewe, na thadi pati hailipi kioo chako hata senti. Madereva wengi wa teksi hapa kwetu, na hata watu wa magari ya nyumbani, hununua cheti cha mwezi mmoja mmoja kwa kuwa ndicho wanachokimudu. Siwalaumu. Ninachowaambia ni kwamba wasiingie gereji wakidhani wana mtu wa kuwalipia, na wasikiache kitundu kidogo kikatembea kama changu.

Maana nyota ile ya Jumamosi ilikuwa inatibika. Fundi wa vioo mwenye vifaa huvuta hewa kutoka kwenye kitundu, akaingiza gundi ya maji iliyo angavu kama kioo, akaikausha kwa taa. Alama ndogo hubaki ukiitafuta, lakini ufa hautembei. Kazi hiyo ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na kioo kipya, na zipo kampuni za bima zinazoilipia kwa furaha kwa sababu inaziokoa nazo. Ila haingoji. Kitundu kikishaingia vumbi na maji, gundi haishiki vizuri; kikishafika ukingoni, hakuna tiba tena. Mpaka utakapomfikia fundi, kiziba kwa kipande cha selotepu ili uchafu usiingie, usielekeze hewa moto hapo alfajiri, na usithubutu kukimwagia maji ya moto.

Na lile lori? Watu kadhaa waliniuliza mbona sikulidai. Sheria ya Trafiki inataka mzigo upakiwe na kufungwa usihatarishe wengine, kwa hiyo kokoto iliyomwagika kutoka kwenye sanduku lisilofunikwa ni kosa la mwenye lori. Jiwe lililokuwa barabarani likarushwa na gurudumu ni habari nyingine, ni vigumu kumshikia mtu. Kwa vyovyote vile ungehitaji nambari ya lori na ushahidi, na sikuwa na kimoja wala kingine. Aliye na kamera ya dashibodi yuko mahali pazuri zaidi kuliko mimi.

Karatasi zilizotakiwa si nyingi, ila kila moja ina wakati wake. Fomu ya madai. Nakala ya leseni ya aliyekuwa akiendesha. Nakala ya kitabu cha gari. Picha za kioo kikiwa bado kimepasuka, ndiyo maana dada yule alinikataza kukigusa: ukikibadilisha kwanza ndipo ukadai, kampuni ina haki ya kukuuliza itajuaje kwamba kilipasuka. Makadirio ya bei kutoka kwa karakana. Kampuni nyingine hutaka abstrakti ya polisi hata kwa kioo, nyingine haziitaki. Uliza mapema usijisumbue kupanga foleni kituoni bure. Baada ya kazi, ankara ya kielektroniki ya eTIMS, si kipande cha karatasi cha mkono, na picha ya kioo kipya. Baadhi yao hutaka nambari ya gari ichorwe kwenye kona ya kioo hicho.

Kampuni yangu, ambayo sitaitaja, ilichukua siku tisa kunipa kibali. Siku nne kati ya hizo zilipotea kwa sababu fomu niliyotuma ilitakiwa upya kwa sahihi ambayo hakuna aliyeniambia inahitajika. Si jambo la kumpeleka mtu mahakamani, lakini ni siku nne za mtu asiye na gari na mama anayehitaji kufika kliniki. Ukikwama zaidi ya hapo, au ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hupokea malalamiko ya wateja, na barua yenye sababu ndiyo itakayowapa mahali pa kuanzia.

Siku ya kazi nilikaa kwenye karakana moja eneo la viwanda Nakuru tangu mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kuona pesa zangu zinakwenda wapi, na nafurahi nilikaa. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache, pamoja na kijana wake. Walitoa waipa na mipira ya pembeni, kisha wakapenyeza waya mwembamba kwenye gundi ya zamani, mmoja ndani ya gari na mwingine nje, wakawa wanauvuta kwa zamu kama watu wawili wanaopasua gogo kwa msumeno. Kioo kilipoachia walikilaza juu ya magunia. Fundi akaniita.

"Mama, njoo uone hapa."

Kwenye fremu, chini ya ile gundi, palikuwa na madoa mawili ya kutu. Kioo kile kiliwahi kubadilishwa kabla gari halijafika mikononi mwangu, na aliyekitoa alikwaruza rangi kwa kisu akaiacha hivyo. "Gundi hushika rangi," fundi aliniambia. "Kutu haishikwi. Ukigonga, kioo kinaondoka na kutu yake." Akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akapaka dawa ya kuzuia kutu, akangoja ikauke. Kungoja huko kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote siku hiyo, na hakuna mstari wowote wa ankara ulioutaja.

Kabla ya kufungua gundi mpya alinionyesha tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye mrija wake. Hii ni poliurethani ya vioo vya magari. Si silikoni ya kuzibia sinki, ambayo wapo wanaoitumia na kukuambia ni kitu kimoja. Aliupaka mstari mmoja kuzunguka fremu nzima bila kuukata, umesimama wima kama tuta la shamba. Kisha wakabandika vikombe viwili vya kunyonya kwenye kioo kipya, wakakiinua, wakakishusha taratibu, mmoja akisema "kwangu, kwangu, hapo." Kwenye kona niliuona muhuri wa mtengenezaji na alama ya kiwango, kitu ambacho kila mteja anapaswa kukitafuta kabla kioo hakijagusa gundi.

Nikauliza kama naweza kuondoka. Fundi akashusha kioo cha mlango kidogo, akaeleza kwamba ukifunga mlango kwa nguvu gari likiwa limezibwa kote, hewa iliyomo husukuma kioo kibichi kwa ndani. "Kesho asubuhi," akasema. Gundi nyingine hukauka kwa saa chache, nyingine zataka siku nzima, inategemea aina na baridi. Swali la kumuuliza fundi yeyote ni hilo tu, na jibu la "twende tu, hakuna shida" si jibu.

Palikuwa na jambo la ziada, ambalo ndilo lililopandisha bei. Gari langu ni Subaru iliyotumika Japani kabla ya kuja huku, na nyuma ya kioo, karibu na kile cha kutazamia nyuma, kuna kamera mbili za mfumo wa EyeSight, ambao Subaru ilianza kuuweka kwenye magari yake mwaka 2008. Kamera hizo hupima umbali wa gari la mbele na zinaweza kupiga breki zenyewe. Kwa kuwa hutazama kupitia kioo, kikibadilishwa hupaswa kupangwa upya. Kesho yake alikuja kijana na ubao wenye michoro na kompyuta yake, akaupima umbali sakafuni kwa futi, akafanya kazi karibu saa nzima. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na maana yake ni kwamba magari yanayoshuka Mombasa sasa yanazidi kuwa na kamera na vihisi vya mvua kwenye kioo. Vikomo vya bima vilivyokuwa vinatosha kwa kioo kitupu havitoshi tena, na si kila karakana ina ubao ule. Uliza kabla ya kukubali makadirio.

Kampuni ililipa shilingi 30,000 zake kama ilivyoandikwa. Zilizobaki nililipa kwa M-Pesa nikiwa nimesimama kando ya gari.

Nina ombi kwa kampuni za bima, na kwa IRA inayozisimamia. Siku hizi cheti cha bima ya gari ni cha kidijitali, kinatufikia kwenye simu, hakibandikwi tena kwenye kioo kama stika za zamani. Kuna nafasi ya kutosha kwenye ujumbe huo kuongeza mstari mmoja wa Kiswahili: kikomo cha kioo cha mbele ni shilingi kadhaa. Mkulima wa Dundori mwenye pikapu ya viazi hatasoma mkataba wa kurasa 20 ulioandikwa Kiingereza cha mawakili, ila ujumbe wa simu ataufungua. Na kwa wewe ambaye bima yako inaisha mwezi huu: kabla hujatuma pesa, piga simu ya karakana moja ya vioo, taja aina na mwaka wa gari lako, uliza kioo na kazi yote ni shilingi ngapi, kisha mpigie wakala wako umtajie hesabu hiyo.

Mimi nilihuisha yangu wiki iliyopita. Kikomo cha kioo sasa ni shilingi 50,000. Nyongeza niliyolipa, pamoja na tozo zake, ni shilingi 2,009.